Neno la mwisho la mzee: nani yumo chumbani?

Tamthilia za mzee anayekata roho huharibika mapema. Mwandishi huwarundika watoto wote kitandani waage, kisha anamngoja wakili aje na bahasha. Kwa jukwaa la Kisumu au Nakuru bahasha si lazima. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inatambua wosia wa mdomo, mradi utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi na mzee afariki ndani ya miezi 3. Mashahidi wakipingana juu ya alichosema, husimama tu kile kinachothibitishwa na shahidi huru, yaani asiyerithi chochote.

Basi muweke mikayi, mke wa kwanza, upande mmoja, na kifungua mimba upande wa pili. Halafu msichana wa kazi aingie na uji mzee akiwa katikati ya sentensi. Hana fungu lolote pale, ndiyo maana kuanzia hapo kila mtu atamtafuta. Fanyeni mazoezi pia akiwa ametoka sekunde mbili mapema, mtaona tendo la pili likibadilika lote.

Ukishikilia wosia wa karatasi, kitinda mimba atie sahihi kama shahidi. Alichoachiwa kitabatilika, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Wosia ulioibwa kabatini tumeuchoka.

Kitanda nacho. Kikilala sambamba na ukingo wa jukwaa, watu wa nyuma wataona blanketi tu. Kiinue sentimita 30 kwa mbao, kikae mshazari, kichwa kikiwa mbali na hadhira, na mito mitatu mgongoni. Mwigizaji anayelala chali hukosa pumzi, hivyo udhaifu uje kwa kukata sentensi, asinong'one. Kikohozi kisizidi mara tatu kwa tendo. Anayemwinamia apige magoti upande wa nyuma, asije akamkinga.

Mvua ikipiga mabati, maneno ya wosia hupotea. Dawa ni shahidi kuyarudia: "Baba, umesema shamba la mtoni?" Hadhira inasikia, na ushahidi unakaa.

Haya yote yanategemea taito, hati ya shamba, iko kwa jina la nani. Ikiwa bado ni la babu, mzee anagawa kisicho chake peke yake, na baba mdogo aliyekaa kimya mlangoni tangu pazia lifunguliwe ana sababu ya kusimama.