Majini ya barabarani mbona yote wanawake?

Jana usiku stima zilipotea hapa Mombasa, tukakaa barazani na nyanya. Akaanza ile ya mwanamke wa buibui: mrembo, ananukia asumini, anasimamisha gari aombe lifti. Dereva kutupa jicho chini, lo, kwato za punda!

Nikamuuliza, "Nyanya, mbona kila mara ni mwanamke?"

Alicheka hadi kahawa ikammwagikia kangani. "Mjukuu wangu, hizo tulizitunga wenyewe, wanaume warudi nyumbani mapema. Babu yako zilimsaidia sana."

Nikamtajia Popobawa, yule jini wa kuvamia watu vitandani aliyetikisa Pemba 1995. Huyo dume kabisa, na wanaume pia waliogopa kulala ndani.

Nyanya kimya. Akajifunika kanga. "Huyo si wetu."

Kisha akaniomba nimsindikize chooni.