Globu ya vifaranga na mita ya milivolti: nilivyopata vifaa vya kupimia amplifaya ya baba

Amplifaya ya marehemu baba ilikaa juu ya kabati miaka 11 bila kuwashwa. Ni ile ya Kijapani yenye mbao pembeni na vitufe vya alumini, wati 35 kila upande, aliyoinunua mwaka 1979. Siku niliyoishusha niliifuta vumbi, nikachomeka plagi ukutani, nikabonyeza swichi. Ikanguruma, fyuzi ikakatika. Nikaweka fyuzi nyingine, tena kubwa kuliko ya kwanza. Hapo zikaungua transista mbili za upande wa kulia, zile kubwa zilizofungwa kwenye bati la kupoza joto, pamoja na rezista mbili zilizo jirani nazo.

Niliibeba hadi kwa fundi mmoja wa redio Temeke, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Aliifungua, akainama akanusa, kisha akaniuliza:

"Uliiwasha kwa globu?"

"Globu ipi, mzee?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hii ilikuwa na ugonjwa mdogo. Wewe umeipa umeme wote kwa mara moja."

Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kudunduliza pesa ninunue oskiloskopu, kile kifaa cha kutazamia mawimbi ya umeme kwenye kioo, kwa sababu kila picha ya meza ya fundi niliyowahi kuiona ilikuwa na oskiloskopu. Mzee yule alinibadilishia mpangilio wote. Alisema kifaa cha kwanza ni kile kinachozuia hasara, kinachofuata ni cha kupimia, na cha kutazamia mawimbi kije mwisho pesa ikibaki.

Kwa hiyo nilianza na globu. Unachukua waya wa moto unaokwenda kwenye soketi utakayochomekea amplifaya, unaukata, unaweka holda ya globu katikati, ili umeme wote wa amplifaya upitie kwenye globu kwanza. Ndani ya amplifaya kukiwa na shoti, globu inawaka kwa nguvu zake zote na kuubeba umeme yenyewe. Ya wati 100 kwenye volti 230 haiwezi kupitisha hata nusu ampea. Amplifaya ikiwa nzima, globu inamulika mara moja kapasita kubwa, zile zinazotunza chaji, zinapojaa, halafu inafifia mpaka ubaki uzi mwekundu tu. Kwa macho tu unajua hali ya mgonjwa.

Shida ni kuipata hiyo globu. LED haifai kabisa kwa kazi hii, na enaji seva vilevile. Inatakiwa ile ya zamani ya njano yenye uzi ndani. Kariakoo nilizunguka nusu siku. Nilikuja kuipata karibu na nyumbani, kwenye duka la dawa za mifugo, kwa sababu wafugaji wanawashia vifaranga joto kwa globu hizo hizo. Nilinunua tatu: ya wati 40, ya 60 na ya 100. Holda, soketi, kipande cha ubao na boksi la plastiki la kufunika maungio, vyote havikufika shilingi 20,000.

Baada ya hapo mita. Hapa ndipo naomba mtu asibane pesa kupita kiasi. Nilikuwa na ile ndogo ya njano inayouzwa kila mahali. Inatosha kupima betri, lakini kwa amplifaya ilinikwamisha sehemu mbili. Kwanza, kupanga mkondo wa transista za mwisho, yaani umeme mdogo unaopita ndani yake hata muziki usipolia, kunahitaji kusoma milivolti chache mno: kwenye rezista ya omu 0.47, milivolti 10 ni sawa na miliampea 21 hivi. Mita inayoyumba milivolti mbili tatu huku na huku inakudanganya robo nzima ya kipimo. Pili, ndani hamkuwa na fyuzi ya maana, na nyaya zake zilikuwa nyembamba kama za simu. Hatimaye nilinunua ya shilingi 85,000, na kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji tufungue kifuniko cha nyuma niione fyuzi. Ilikuwa ya kauri, nene. Muuzaji alishangaa, lakini alinifungulia. Ombeni mfunguliwe.

Kifaa cha tatu ni kile kidogo chenye kioo, unaingiza transista, kapasita au daiodi kwenye matundu kinakuambia ni nini na hali yake. Shilingi 40,000. Hicho kimenilipa mara nyingi, maana transista za zamani zinauzwa nyingi na bandia zimejaa. Nilizipima mpya nne kabla ya kuzifunga, moja nikairudisha siku ile ile. Pia kilinionyesha kwamba kapasita kubwa nilizozishuku zilikuwa nzima, na zilizokauka ni ndogo tatu za mikrofaradi 47 zilizokaa karibu na rezista za moto. Ila usiwahi kuingiza kapasita yenye chaji. Kifaa kinakufa papo hapo. Mimi hushusha chaji kwa rezista iliyofungwa nyaya ndefu, kisha napima kwa mita mpaka nione chini ya volti moja.

Badala ya spika nilitumia rezista mbili za omu 8, wati 100, za ganda la alumini, nikazifunga kwenye bati nene kwa sababu bila bati zinaungua kabla ya kufika huko. Mlio wa kupimia natoa kwenye simu, nikiuingiza kwenye tundu la AUX la amplifaya. Natumia hezi 100, siyo 1,000, kwa kuwa mita nyingi za bei hii husoma vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani na kupotoka kadiri unavyopanda. Volti 16.7 kwenye omu 8 ndizo wati 35.

Oskiloskopu nilinunua miezi saba baadaye, ya mkononi, ya betri. Zile za kujiunganishia mwenyewe za kilohezi 200 ni za bei nafuu zaidi, na zinaonyesha vizuri wimbi linapokatwa kichwa. Lakini amplifaya ikianza kujitetemesha yenyewe kwa megahezi kadhaa, hazitaona kitu, na transista zitapata moto bila sababu unayoijua. Nilichukua ya megahezi 10. Kitu cha kwanza kilichonionyesha ni kijikunjo pale wimbi linapovuka sifuri, upande wa kulia tu. Kumbe nilikuwa nimepanga mkondo globu ikiwa bado imeungwa, volti za ndani zikiwa pungufu. Nikaitoa globu, nikachomeka moja kwa moja, nikasubiri dakika 20 bati lipate joto, nikazungusha kile kiskrubu kidogo cha kupangia mkondo polepole mno, jicho kwenye mita. Milivolti 6, 8, 10. Kijikunjo kikayeyuka.

Jambo moja lisilo na gharama: tazama nyuma ya amplifaya kama ina kibadili volti. Za soko la ndani la Japani ni za volti 100, na nyingi za nje zina 120, 220 na 240. Ya baba ilikuwa kwenye 220. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo niliipeleka 240.

Kabla ya kuunga spika nilipima DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja usiotakiwa kufika kwenye spika, kwenye vituo vyake: kushoto milivolti 14, kulia 19. Ikiwa zaidi ya 100 siungi, natafuta kwanza. Niliiacha ikilia taratibu kwenye zile rezista jioni nzima, nikirudi kila nusu saa kugusa bati kwa mgongo wa mkono. Saa nne usiku nikazitoa rezista, nikaunga spika za baba, nikamwita mama kutoka jikoni.