Nusu sekunde iliyokuwa inafuta mipangilio ya duka

Programu ya mauzo ya duka moja la pembejeo karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, nilikabidhiwa ikiwa tayari inatumika. Mama mwenye duka alikuwa na kero moja: "Mwanangu, nikiwasha risiti halafu nikazima punguzo papo hapo, punguzo linajirudisha lenyewe."

Nikakaa naye kaunta, yeye anabonyeza, mimi nasoma kumbukumbu za programu. Vidole vyake ni vyepesi. Badiliko la kwanza simu ililihifadhi 14:05:09.510, seva ikaliandika 14:05:10. Badiliko la pili likaingia 14:05:09.940. Programu hufuata nakala yenye muda wa karibuni zaidi, basi ikaona ya seva ndiyo mpya, ikaifuta ya pili.

Chanzo ni safu ya muda kwenye MySQL, hifadhidata ya seva, kuwekwa aina ya tarehe na saa iitwayo DATETIME, tupu bila idadi ya tarakimu za vipande vya sekunde. Aina hiyo haitunzi vipande vya sekunde, na MySQL kwa kawaida haivikati, inakadiria hadi sekunde iliyo karibu. Maana yake inaweza kuandika muda ambao bado haujafika! Ikikadiria kushuka nako ni hasara: .230 inakuwa .000, simu inajiona mpya kila inapolinganisha, inatuma mipangilio ileile tena na tena, na bando la mama linakwisha bure.

Nilibadilisha safu kuwa DATETIME(3), yaani tarakimu tatu za vipande vya sekunde (milisekunde), jambo linalowezekana tangu toleo la MySQL 5.6.4. Kwenye simu nahifadhi namba nzima ya milisekunde tangu 1 Januari 1970, kwa UTC, saa ya kimataifa. Nanosekunde (bilioni moja kwa sekunde) nilizikataa: lugha ya programu JavaScript ina uhakika na namba nzima hadi 9007199254740991 tu, na nanosekunde za leo zimeshapita hapo mbali. Floti ya biti 32, yaani namba ya desimali yenye usahihi mdogo, ndiyo usiiguse kabisa. Sekunde za sasa ukiziweka humo zinaruka kwa hatua za 128.

Kisha jaribio: hifadhi muda unaoishia .001, .500 na .999, usome tena, ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. Vipande vilivyokwisha kupotea kwenye rekodi za zamani havirudi, kwa hiyo mara ya kwanza kuoanisha simu na seva nililazimisha nakala ya simu ya mama ndiyo ifuatwe.

Kishikwambi cha kaunta saa yake ilikuwa nyuma, na hapo milisekunde hazisaidii kitu. Nimeiwasha ijirekebishe kwa mtandao, na toleo lijalo kila badiliko litapewa namba ya mfuatano na seva yenyewe.