Nilivyojifunza kuionja chai nyeupe na ya zambarau kutoka kwa mkulima mdogo

Mombasa hufanyika kila wiki mmoja wa minada mikubwa ya chai duniani, lakini chai inayouzwa hapo karibu yote ni nyeusi, iliyosagwa na mashine ikawa chembechembe. Sisi wakazi wa mji huu tunaijua kwa maziwa na tangawizi, au ikiwa mkandaa. Kwa hiyo nilipoanza kununua chai kwa mama mmoja wa Nyeri anayechuma, kunyausha na kusokota majani yake mwenyewe kwa mikono, ilinibidi niufunze ulimi upya.

Aliniuzia aina tatu. Nyeusi yake ilikuwa na majani marefu yaliyosokotwa, tofauti kabisa na unga tuliouzoea. Nyeupe ilikuwa machipukizi matupu, yamenyaushwa na kukaushwa bila kusokotwa, yangali na vinywele vya fedha vinavyoganda kidoleni ukiyagusa. Ya tatu ilitoka kwenye miche ya TRFK 306, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa miaka mingi uliofanyika Kericho. Majani yake ni ya zambarau yakiwa bado mtini, kwa sababu yana wingi wa anthosayanini, rangi ileile inayopatikana katika zabibu nyeusi.

Kilichonishughulisha zaidi ni maji. Kwa yule mama, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, chai nyeupe ilikuwa na utamu wa mbali, lakini nilipoipika nyumbani ilileta ukakasi uliokausha ulimi. Nilitafuta sababu nikaipata: kiwango cha kuchemka hushuka karibu digrii moja kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo maji yanayotokota kwake yana nyuzi 93 hivi, ilhali ya pwani hufika 100. Tangu hapo huyaacha maji ya chai nyeupe yapoe, yakifika kama 80 ndipo nayamimina. Nimeacha pia kutumia maji ya kisima, ambayo katika mitaa mingi ya hapa yana chumvi, kwani yanaifanya rangi ya chai kuwa nzito na kuifunika harufu.

Kuhusu kuonja kwenyewe, nilifuata desturi ya waonjaji wa mnadani, nayo ni gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika sita, kwenye vikombe vyeupe vilivyopangwa sambamba. Kipimo hicho ni kikali, na ndilo lengo lake, maana hakifichi kasoro yoyote. Unateka kijiko, unakivuta kwa sauti pamoja na hewa ili harufu ipande puani, kisha unatema. Mwanzoni sauti ile ilinitia haya, kwa kuwa tumelelewa kunywa kimya, ila bila hewa hiyo sikuweza kuitofautisha nyeupe na maji ya moto. Kwa kunywa, si kwa kupima, dakika tatu zinanitosha.

Chai ya zambarau inastahili subira ya pekee. Kikombeni hutoa rangi hafifu ya kijivu chenye uzambarau, na ladha yake ina ukakasi wa wazi na uchachu mdogo. Ukiikamulia ndimu, rangi hugeuka waridi palepale, kwa sababu anthosayanini hubadilika kulingana na asidi. Wageni wangu hufurahia hilo kuliko ladha yenyewe, nami sioni ubaya, kwa kuwa wengi wao huomba kikombe cha pili bila ndimu.

Maziwa siyaweki kamwe katika nyeupe wala katika ya zambarau, kwa sababu protini zake hushikamana na vile viini vinavyoleta ukakasi, na harufu nyororo hupotea. Nyeusi yake ndiyo inayoyavumilia kidogo. Majani ya nyeupe nayaongezea maji mara tatu. Kikombe cha pili ndicho ninachokipenda zaidi, kwani ukali umekwisha kutoka na utamu bado haujapungua.