Kilima Kilichopotea

Chipsi zilipoa mezani usiku ule wa pili. Nilikuwa nimeganda mbele ya kompyuta, nikitazama michoro miwili iliyotakiwa kuwa ya kitu kimoja lakini haikufanana.

Ilikuwa 2017, Dar es Salaam, mwaka wangu wa mwisho wa fizikia. Msimamizi wangu alinipa zoezi alilosema ni la kunyoosha mkono tu: chukua spektra mbili, yaani michoro ya mwanga uliogawanywa kwa rangi zake, za galaksi Markarian 1018, moja ya mwaka 2000 iliyopigwa kwa darubini ya Apache Point kule New Mexico, Marekani, nyingine ya 2015 kutoka darubini ya Paranal, Chile, kisha upime upana wa mistari, yaani zile rangi ambazo kila gesi hung'aa nazo. Data zenyewe ni za bure. Bando si la bure. Faili la Paranal lilikuwa la magigabaiti, nikalivuta kwa bando la usiku wa manane huku nikisinzia.

Kwenye spektra ya 2000, mahali pa mstari wa haidrojeni uitwao H-beta, palikuwa na kilima kipana kama tuta la barabarani. Kando yake miiba miwili ya oksijeni, mmoja mfupi, wa pili mrefu mara tatu. Kwenye ya 2015 miiba ipo palepale. Kilima hakuna.

Kilima kile ni gesi inayozunguka karibu na shimo jeusi la katikati kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayoutanua mstari. Darasani tuliambiwa galaksi zenye kilima ni aina ya kwanza, zisizonacho ni aina ya pili, na kinachozitofautisha ni upande tunaozitazama: pete ya vumbi imetuziba au haikutuziba. Galaksi haiwezi kutugeuzia mgongo kwa miaka 15. Basi aliyekosea ni mimi.

Nilihakiki majira ya nukta, yaani mahali galaksi ilipo angani, mara tatu. Nikavuta faili upya, bando likaisha. Asubuhi nikaenda ofisini kwake macho mekundu.

“Shikamoo, Mwalimu. Nadhani nimechukua galaksi nyingine.”

“Marahaba. Miiba ya oksijeni inasemaje?”

“Inalingana.”

“Sasa galaksi nyingine imetoka wapi?”

Akacheka. Alikuwa anajua tangu mwanzo! Nilikasirika, na nikifikiria lile bando bado nakasirika kidogo. Kisha akavuta karatasi, akachora. Mwaka 1979 kilima cha H-beta hakikuwepo. Kufikia 1984 kimesimama. Mwaka 2015 waliokuwa wakipima galaksi jirani-jirani kwa shughuli nyingine kabisa wakakuta kimeondoka tena. Miiba haibadiliki haraka kwa sababu gesi yake iko mbali mno na shimo, habari za katikati zinachelewa kuifikia.

“Labda wingu limepita mbele,” nikasema.

“Wenzako nao waliwaza hivyo. Wakaitazama kwa eksirei, kwa Chandra, ile darubini ya angani. Hakuna kilichoziba.”

Yaani shimo lenyewe lilipunguza kula. Gesi iliyokuwa ikimiminika ndani ilipungua, mwanga wa katikati ukafifia, na mawingu ya jirani yakakosa cha kuyawasha. Kwa hesabu za vitabuni, diski ya gesi inayolizunguka shimo, kubwa namna ile, ilipaswa kuchukua maelfu ya miaka kubadilika hivyo. Hii ilimaliza mzunguko wote ndani ya umri wa mtu mmoja.

Kwenye daladala nilihesabu: nilizaliwa 1995, kilima kikiwepo. Ni hesabu ya kijinga, maana mwanga ule uliondoka kule miaka milioni 600 hivi iliyopita. Nikaihesabu hata hivyo.

Usiku nilifungua tena mchoro wa 2015, safari hii upande wa mwekundu ambao sikuwa nimeugusa, kwenye mstari mwingine wa haidrojeni, H-alfa. Nikavuta karibu, nikavuta tena. Chini ya mwiba, pembeni, kulikuwa na kijituta bado.