Duma, kangaruu na kipande cha mpira

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kuendesha gari za watalii, na mdomo ulishautangulia ujuzi. Februari 2014, Ndutu, mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, nyumbu wanazaa, nyasi fupi kama zulia. Nimembeba mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe kutoka magharibi mwa Queensland, Australia, pamoja na mkewe.

Tukamkuta duma jike kakaa juu ya kichuguu. Upande ule wa Ngorongoro gari zilikuwa zinaruhusiwa kuacha njia, nikasogea taratibu, nikazima injini, nikaanza hotuba yangu ya kila siku. Usain Bolt, mita 100, sekunde 9.58, mwaka 2009. Duma aitwaye Sarah, wa bustani ya wanyama ya Cincinnati, mita hizo hizo, sekunde 5.95, mwaka 2012. Hapo wageni huwa wanapiga miluzi. Mzee akauliza tu, "Na baada ya hizo mia?"

Nikacheka, maana jibu sikuwa nalo. Akasema kwao wako kangaruu. Mimi kangaruu nilimjua kwa katuni: mfuko tumboni, vijikono vifupi kama anaomba msamaha. "Mzee," nikamwambia, "huyo duma wetu angemnywea chai."

Duma akashuka. Kichwa chini, mabega juu, akanyata kuelekea kwa swala tomi waliokuwa wakichezesha vimkia vyao bila habari. Akafyatuka. Swala akakata kona, naye akakata, mkia ukipepesuka kama usukani uliokabidhiwa mtoto. Vumbi, kisha kimya. Amempata.

Ila hakula. Alikaa pale ubavuni mwa nyama yake akihema, mbavu zinapanda na kushuka kama mivukuto ya mhunzi. Dakika zikapita. Akaja fisi mmoja, mwendo wa mtu anayefuata chenji yake dukani. Duma alimtazama, akainuka, akaondoka. Hakubisha hata kidogo. Akipigana akaumia mguu, ndiyo njaa hiyo. Mama kule nyuma alitoa sauti ya kusikitika. Mzee hakusema neno.

Alisubiri mpaka tulipokaa kula chini ya mgunga. Maboksi ya chakula nilikuwa nimeyafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli, ule tunaofungia kila kitu. Akaufungua, akauvuta kwa dole gumba, akauachia. Pwaa!

"Kano za mguu wa kangaruu," akasema. Akanieleza kwamba akitua, kano zinavutika; zikirudi, zinamrusha tena. Akishashika mwendo wake wa kilomita 20 au 25 kwa saa, kuongeza kasi hakumli nguvu nyingi. Akibanwa anafika karibu 70. Duma anapita 90, mzee hakulibishia hilo. Lakini dume kubwa la kangaruu mwekundu lina kilo karibu 90, wakati duma ni nadra kuvuka 60. "Na huyo mwenzako," akasema, "kila mbio analipa fedha taslimu."

Kisha akanisimulia kilichompata mbwa wake. Alimkimbiza kangaruu mpaka bwawani. Kangaruu akaingia, maji yakamfika kifuani, akageuka, akangoja. Mbwa alipomfikia, akamshika kwa vile vijikono na kumzamisha. Mama akaacha kula yai lake.

Vijikono vile vya kuomba msamaha! Nikauchukua mpira, nikapanua vidole viwili, nikauvuta katikati yao. "Kumbe ni manati," nikasema. Akataka kujua manati ni nini, nikamwonyesha kwa ganda la yai. Akalifurahia lile neno, akalirudia mara tatu hivi, akauzungusha mpira mkononi na kuutia mfukoni.

Sikuwa na mpira mwingine. Njia nzima hadi kambini maboksi yalirukaruka kule nyuma, na kila yaliporuka, mzee alicheka peke yake.