Siku moja maishani mwangu: naandika maneno kwenye video

Saa 1 asubuhi nimeshawasha kompyuta, Sinza, Dar es Salaam. Leo nina video ya dakika 11 ya wakulima wa karafuu Pemba. Mteja anataka majina ya wasemaji na manukuu ya Kiswahili, yaani maneno yanayosemwa yaandikwe chini ya picha, mwanzo hadi mwisho, maana wengi hutazama kwenye daladala simu ikiwa kimya, na wapo viziwi.

Saa 2, majina. Ukanda wa jina nautengeneza mara moja kwenye DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo la bure, kisha nabadilisha maneno tu. Kabla ya kuandika nampigia aliyerekodi: "Shikamoo kaka, jina la yule mzee linaishia na e au i?" Mtu kukosewa jina lake mbele ya watu ni dhuluma.

Saa 3 hadi saa 8, manukuu, na hapa ndipo kazi ilipo. Programu ya kunukuu sauti iliniandikia: "mvua ikinyesha tunakimbia kuzianika." Nikarudisha sauti mara tatu. Mzee kasema kuzianua! Herufi mbili zimegeuza maana yote. Nani anaanika karafuu mvuani? Tangu hapo nikasikiliza kila neno mwenyewe, ndani ya Aegisub, programu ya kuandikia manukuu.

Mistari nayo ina adabu yake. Naweka miwili tu, kila mmoja usizidi herufi 42. Kiswahili kinabeba sentensi nzima ndani ya neno moja, "hawakutuletea", na neno hilo hulikati. Kwa hiyo nakata pale msemaji anapovuta pumzi:

Tukishazianika juani,
mvua ikinyesha tunakimbia kuzianua.

Saa 9, fonti niliyoipenda ikatoa kisanduku kitupu badala ya ritifaa ya "ng'ambo". Nikaiacha, nikachukua Noto Sans. Herufi nyeupe zilipotea juu ya majamvi, nikazitilia kivuli.

Saa 11 natoa nakala mbili: moja ya WhatsApp, maandishi yamechomwa ndani ya picha, nyingine safi, na faili la SRT pembeni, lenye manukuu na muda wa kila mstari. Humo sekunde hufuatwa na mkato, 00:04:12,300, si nukta.

Saa 12 jioni nashuka kwa mama lishe, nampa simu bila sauti. "Mama, hebu nisomee." Akasoma polepole, midomo ikitembea, akafika penye mvua, akainua macho:

"Sasa mwanangu, waliwahi kuzianua?"